Miezi michache ya kazi Ujerumani ukiwa na watoto: nyumba na mlezi utawapataje

Kila barua za mialiko zinapoanza kutoka, simu yangu hujaa maswali matatu yaleyale. Nyumba nitaipataje nikiwa bado Dar? Mtoto nitamwacha na nani nikienda kazini? Na huko kuna madada wa kazi? Jibu la swali la tatu ni hapana, si kwa namna unayoijua wewe, na jibu hilo ndilo linaloamua majibu ya yale mawili ya mwanzo. Nimechoka kulituma kwa sauti za WhatsApp za dakika saba saba, kwa hiyo nimeliandika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa miezi mitatu hadi sita: mhadhiri, mtafiti, msanii mwalikwa, mtu wa mafunzo kazini. Mifano mingi ni ya Bayreuth, mji mdogo wa Bavaria ambao watu wa Kiswahili tunaufahamu, maana chuo chake kinafundisha lugha yetu na kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili pale. Nilikaa huko miezi mitano na watoto wawili, mmoja wa miaka miwili, mwingine wa sita. Leipzig, Hamburg, Berlin au Köln utaratibu ni uleule. Miji mikubwa nyumba ni shida zaidi tu.

Shika jambo moja hata ukisahau mengine yote: tafuta mlezi kwanza, nyumba ifuate. Wengi hufanya kinyume. Wanapata nyumba nzuri kusini mwa mji, kisha nafasi ya mtoto inatokea kaskazini, na kila asubuhi wanabadilisha mabasi mawili na kigari cha mtoto kwenye theluji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya mwaliko au mkataba wenye tarehe kamili. Omba majina ya watoto na mwenza yatajwe humo.
- Pasipoti ya kila mtoto. Ukikaa zaidi ya siku 90, kila mmoja anahitaji viza yake ya kitaifa, hata anayenyonya.
- Vyeti vya kuzaliwa (kwa Tanzania ni vya RITA) na cha ndoa kama kipo, pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya mtafsiri anayetambuliwa. Ulizia ubalozini mapema jinsi vyeti vinavyohakikiwa. Hatua hii hula wiki nyingi.
- Ukisafiri bila mzazi mwenzako, barua yake ya ridhaa.
- Kadi ya kliniki ya kila mtoto. Usiicheke hii, nitairudia.
- Bima ya afya inayowahusu watoto kwa muda wote.
- Fedha za kodi ya mwezi wa kwanza na amana, ambazo unaweza kuzituma benki kwa benki.
- Ukurasa mmoja unaojieleza: ninyi ni nani, mnatoka wapi, kazi gani, watoto wa umri gani, kuanzia lini hadi lini, nani analipa. Weka na picha ya familia. Mwenye nyumba wa kule hupokea maombi mengi kwa siku, na anamchagua anayemwelewa haraka.

Hatua kwa hatua

1. Amua nani anakwenda, na kwa kalenda ipi.

Kaeni chini nyumbani mpige hesabu kwa ukweli. Mama mkwe anaweza kuja kulea wajukuu, lakini viza ya matembezi ya Schengen haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukikaa miezi mitano, bibi hatoshi; apangwe mwanzoni au mwishoni, pale penye pengo. Dada wa nyumbani kumchukua kutoka huku ni ruhusa ya nadra yenye masharti mengi. Usijenge safari juu yake. Kumwajiri mtu kulekule kunawezekana, ila kuna mshahara wa chini wa kisheria: euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, euro 13.90 kuanzia Januari 2026. Saa 30 kwa wiki tayari ni zaidi ya euro 1,600 kwa mwezi. Mimi nilipoiona hesabu hiyo niliinuka nikaenda kunywa maji.

Angalia pia miezi. Septemba na Oktoba wanafunzi wanarudi na vyumba vinaisha. Bayreuth nayo ina balaa lake la pekee: tamasha la opera za Richard Wagner, kwa desturi kuanzia Julai 25 hadi mwisho wa Agosti, wakati hata chumba cha uani hupangishwa kwa usiku. Ukiweza kuchagua, anza Aprili.

2. Mwandikie mwenyeji wako siku ileile unayokubali mwaliko.

Vyuo vingi vina ofisi ya kupokea watafiti wageni, na nyingine ya masuala ya familia. Vingi vina nyumba za wageni zenye samani. Nafasi za familia ni chache na huchukuliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo usisubiri viza ndipo uulize. Andika waziwazi: "Nakuja na watoto wawili, wa miaka 2 na 6, kuanzia tarehe hii hadi hii. Naomba mnisaidie mambo mawili: nyumba yenye samani na malezi ya mchana." Ukiandika tu kwamba utafurahi kupata taarifa zaidi, utatumiwa kiungo cha tovuti na mambo yataishia hapo. Sisi tumelelewa kutoomba kwa kishindo, hapa omba.

Mfadhili naye aulizwe. Taasisi ya Alexander von Humboldt hutoa nyongeza kwa mwenza na watoto wanaofuatana na mtafiti. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo na utafiti, katika ufadhili wake mwingi, hufikiria familia pale kukaa kunapofika angalau miezi 6. Kama umepewa mitano, uliza kama mmoja unaweza kuongezwa. Wakikataa hujapoteza kitu.

3. Tafuta malezi ya mchana.

Hapa ndipo penye kazi, tulia nipaeleze.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu huenda *Krippe*. Wa mitatu hadi wa shule huenda *Kindergarten*, chekechea yao. Zote kwa jumla huitwa *Kita*. Tangu Agosti 1, 2013 mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya nafasi kisheria, na utaambiwa hivyo na kila Mjerumani mwenye nia njema. Lakini haki hiyo ni ya wanaoishi pale kwa kawaida. Mgeni wa miezi michache ni vigumu kuidai, na hata wenyeji wenyewe hupanga foleni. Mwaka wa Kita Bavaria huanza Septemba. Ukifika Januari unategemea mtu ahame.

Kwa hiyo, kwa kukaa kwa muda mfupi, ushauri wangu ni huu: anza na *Tagesmutter*. Huyu ni mlezi mwenye kibali anayelea watoto nyumbani kwake, wasiozidi watano kwa wakati mmoja. Kundi ni dogo, ratiba inazungumzika, na mara nyingi anakubali miezi mitano ambayo Kita isingeisikiliza. Orodha yao iko *Jugendamt*, ofisi ya ustawi wa watoto ya mji. Waandikie, kisha wapigie, kisha waandikie tena. Mlezi akipatikana, omba kuona kibali chake, kinaitwa *Pflegeerlaubnis*. Hataona umemdharau.

Wakati huohuo peleka maombi kwenye Kita tano au sita, pamoja na ile ya chuo kama ipo. Gharama hutofautiana kwa mji na jimbo: Berlin tangu Agosti 2018 wazazi hawalipi ada ya Kita zaidi ya mchango wa chakula, ilhali Bavaria unalipa kwa saa unazochukua. Usikopi bajeti ya rafiki yako wa Berlin.

Sasa kadi ya kliniki. Sheria ya surua iliyoanza Machi 1, 2020 inadai kila mtoto aliyetimiza mwaka awe na ushahidi wa chanjo moja ya surua, na aliyetimiza miaka miwili awe na mbili. Bila huo hapokelewi Kita wala kwa mlezi mwenye kibali. Watoto wetu huchomwa surua-rubella wakiwa na miezi 9 na miezi 18, kwa hiyo wengi wanazo zote mbili. Tatizo ni kwamba ya pili imesahaulika kuandikwa, au mwandiko wa nesi hausomeki. Nenda kliniki kabla ya safari, tarehe ziandikwe upya na mhuri ugongwe.

Mtoto wa miaka sita ni habari nyingine: huyo ni wa shule, na kumfundishia nyumbani hakuruhusiwi. Uliza shule ya msingi iliyo karibu na utakapoishi inataka nini kwa mtoto wa miezi michache. Jihadhari na jambo ambalo halikunijia akilini kabisa: darasa la kwanza linaweza kumalizika kabla ya adhuhuri. Uliza papo hapo kama kuna *Hort* au *Mittagsbetreuung*, yaani malezi ya baada ya masomo. Haki ya malezi ya siku nzima kwa watoto wa shule ya msingi inaanza Agosti 2026, tena kwa darasa la kwanza peke yake.

Na jioni? Mihadhara ya wageni wengi huwekwa saa 12 jioni, Kita ikiwa imeshafungwa zamani. Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapokufaa. Katika miji niliyoitaja wapo vijana wanaosoma lugha yetu na wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye. Mwombe mwalimu wao akutangazie. Wetu alikuja mara mbili kwa wiki, tukamlipa kwa saa na kumwandikisha rasmi kama *Minijob*, yaani kibarua kidogo kinachotambuliwa kisheria. Mwanangu akamrekebisha ngeli bila huruma.

4. Sasa tafuta nyumba, kwa kuzunguka eneo la mlezi.

Ukikosa nyumba ya wageni ya chuo, kuna njia tatu. Ya kwanza ni *Zwischenmiete*: mtu anasafiri, anakuachia nyumba yake na vyombo vyake. Kwa familia ndiyo bora, maana utakuta sufuria, na ukibahatika hata vinyago vya watoto. Hutangazwa kwenye tovuti za WG-Gesucht na Kleinanzeigen, lakini nyingi hupita mdomoni, kwa hiyo mwenyeji wako asambaze ujumbe idarani. Ya pili ni nyumba za samani za kupangisha kwa mwezi, ghali zaidi. Ya tatu ni *Ferienwohnung*, nyumba ya likizo. Omba bei ya mwezi, na uliza kama utaruhusiwa kujiandikisha ofisi ya mji kwa anwani hiyo.

Jinsi ya kusoma tangazo:

*Zimmer* huhesabu sebule pia. "2 Zimmer" ni sebule na chumba kimoja cha kulala, siyo vyumba viwili vya kulala kama tunavyosema sisi. Familia yenye watoto wawili itafute 3. *Kaltmiete* ni kodi tupu; *Warmmiete* imejumlisha joto na maji; linganisha bei kwa *Warmmiete* tu, kisha uliza umeme na intaneti. *Möbliert* maana yake ina samani. Neno hilo lisipokuwepo, tegemea kuta tupu kabisa: hakuna kitanda, mara nyingi hakuna jiko wala makabati yake, na taa ni waya unaoning'inia darini. Uliza pia ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti. Hatua sabini na mbili ukiwa na kigari, mtoto na mfuko wa viazi, nimezihesabu.

Habari njema: kule hulipi kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Inalipwa kila mwezi. Dalali naye, tangu Juni 2015, hulipwa na aliyemwita, na mara nyingi huyo ni mwenye nyumba. Akikudai wewe bila ya wewe kumtafuta, kataa.

5. Kabla hujatuma hata senti.

Matapeli wanawapenda sana watu walio mbali wenye haraka. Hadithi yao ni moja. Nyumba nzuri, katikati ya mji, bei nusu ya nyingine. Mwenyewe "yuko nje ya nchi", hawezi kukuonyesha, atakutumia funguo kwa posta ukishatuma amana. Mimi nilifika hatua ya kuandika namba ya akaunti kabla rafiki hajaniuliza kwa nini nyumba ya Bavaria inalipiwa benki ya nchi nyingine.

Kanuni: mtu unayemjua aende akaione, hata mwanafunzi wa idara kwa nusu saa. Ikishindikana, piga simu ya video na mwenye nyumba atembee kutoka mlangoni barabarani hadi jikoni bila kukata. Usitume pesa kwa njia ya kupokelea taslimu. Na usitume nakala ya pasipoti isiyo na maandishi; andika juu yake "kwa ajili ya kupanga nyumba tu" na tarehe.

6. Mkataba.

Usome na Mjerumani mmoja. Tafuta mambo manne: tarehe ya kuanza na kuisha, *Warmmiete* kwa tarakimu, amana, na ahadi ya kukupa *Wohnungsgeberbestätigung*, barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unakaa kwake. Amana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Barua usiiachie hewani: mwenye nyumba anayesema "kujiandikisha haiwezekani" si wa kukufaa kama unakaa zaidi ya miezi mitatu.

7. Wiki ya kwanza.

Usifike Jumamosi jioni. Jumapili maduka yamefungwa, na watoto wenye njaa hawaelewi sheria za Bavaria. Ukishuka Nuremberg, Bayreuth ni kama saa moja kwa treni; walio chini ya miaka 6 hawalipi nauli.

Siku ya funguo, zungukeni nyumba na mwenyewe, pigeni picha kila mkwaruzo, muandike na kusaini *Übergabeprotokoll*, hati ya makabidhiano. Amana yako inarudi kwa karatasi hiyo.

Ndani ya wiki mbili za kuhamia, nenda ofisi ya mji kujiandikisha, *Anmeldung*, na pasipoti zote, vyeti na ile barua ya mwenye nyumba. (Mkazi wa nje anayekaa pungufu ya miezi mitatu hahitaji.) Chukua miadi mtandaoni kabla hujaondoka nyumbani. Cheti utakachopewa ndicho kinachofungua mengine: benki, ofisi ya wageni, Jugendamt. Baadaye itakuja barua ikikudai euro 18.36 kwa mwezi za redio na televisheni. Si utapeli, ni ada halali kwa kila makazi. Kama mwenye nyumba tayari anailipia nyumba hiyo, waandikie waliotuma barua namba yake ya malipo ya ada hiyo.

Na miadi yenyewe: ukiambiwa *halb neun*, ni saa mbili na nusu asubuhi, siyo saa tatu na nusu. Wao hutaja nusu ya kuelekea saa inayofuata. Mimi nilifika nimechelewa saa nzima, nikiwa nimejiandaa kuwasifu kwa utulivu wao.

8. Kumzoesha mtoto.

Hakuna kumwacha mlangoni na kukimbia. Kuna *Eingewöhnung*: siku za mwanzo unakaa naye chumbani, kisha unatoka dakika kumi, kisha nusu saa, na kadhalika, kwa wiki mbili hadi nne. Kwa mtu wa miezi mitatu hiyo ni sehemu kubwa ya safari yake. Mwambie bosi wako mapema kwamba mwezi wa kwanza utafanya kazi nusu siku. Usijaribu kuwaharakisha walezi. Mtoto anayelia hatasogezwa hatua, na mtaanza upya.

Vitu atakavyotakiwa: viatu vya ndani, buti za mvua, suruali ya matope (*Matschhose*) na nguo za akiba. Wanatoka nje hata mvua ikinyesha. Nunua vilivyotumika kwenye minada ya vitu vya watoto, *Kinderbasar*, inayofanyika hasa majira ya kuchipua na ya vuli. Kama hamli nguruwe, au nyama isiyo halali, liseme siku ya kwanza na liandikwe. Hawashangai.

Mambo yakienda mrama

*Viza ya watoto imechelewa, yako imetoka.* Usivunje mkataba wa nyumba. Mwandikie mwenyeji aombe kusogeza tarehe ya kuanza. Ukilazimika kutangulia, mwachie mzazi aliyebaki vyeti halisi, wewe beba nakala.

*Nyumba haipo, safari wiki ijayo.* Chukua nyumba ya likizo kwa wiki tatu, utafutie hukohuko. Ana kwa ana, ukiwa na mtoto mkononi, unasikilizwa kuliko kwa baruapepe.

*Hakuna Kita, hakuna Tagesmutter.* Gawaneni zamu na mwenza, mmoja asubuhi mmoja alasiri, na mwanafunzi azibe pengo la kati. Ukiwa peke yako, omba ofisi ya familia ya chuo ikuunganishe na mzazi mwingine mgeni mbadilishane siku. Tuliwahi kuwa watatu, kila mmoja siku moja na nusu.

*Kita imefunga.* Hufunga wiki kadhaa kwa mwaka, hasa Agosti na Krismasi. Omba orodha ya siku hizo unaposaini.

*Mtoto anaumwa usiku.* Kwa dharura piga 112. Kwa homa isiyotisha lakini isiyosubiri kesho, piga 116117. Mwenye homa hapokelewi Kita, kwa hiyo weka akiba ya siku chache kwenye ratiba yako, hasa mwezi wa kwanza, maana mafua ya kule watayakusanya yote.

*Jirani kalalamika kuhusu kelele.* Kilio na michezo ya watoto vinavumiliwa kisheria. Ila saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya, na Jumapili nzima usitwange wala kupigilia misumari. Mpelekee mandazi. Wa kwetu alirudisha sahani na keki juu yake, na kuanzia hapo kigari chetu alikuwa akikipandisha yeye.

*Wiki ya tatu mtoto bado hali chakula cha Kita.* Uliza wanampa nini. Jibu huenda ni mkate baridi na jibini. Omba kuleta chakula chako kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Wa kwangu alianza na wali na maharage, na kabla hatujaondoka alikuwa anadai mkate mweusi nyumbani.